Lenzi Ndefu na Ndoa ya Mama Mdogo

Jumapili, 7 Julai 2024

Kikao cha ukoo kimeisha saa kumi jioni. Nimetoka mshindi.

Iko hivi. Mama mdogo Bernadeta, mdogo wake marehemu mama, anafunga ndoa Jumamosi ijayo kanisani Ilemela. Anaolewa na baba mdogo Mihayo, ambaye ameishi naye miaka thelathini na moja na kuzaa naye watoto watano. Padri mpya amewaambia sasa inatosha. Wamekubali.

Mambo yalikwenda vizuri. Ng'ombe, mchele, turubai, kwaya. Tukafika kwenye picha. Mama mdogo akasema hapo ana ombi. Maisha yao yote wamepiga picha moja tu wakiwa pamoja, mwaka 1996. Mvua iliingia ndani, picha ikalowa, na sasa vinaonekana viatu tu.

"Nataka moja tu ambayo sura zetu zote mbili zinaonekana," alisema. "Niitundike, nife nimeiacha ukutani."

Kisha wote wakamgeukia Odeta, mtoto wa mama mkubwa, eti kwa sababu ana simu nzuri na mkono wake hautetemeki. Iliniuma. Mpiga picha wa ukoo huu ni mimi. Mwaka wa nane huu nina meza mtaa wa Mirongo: picha za pasipoti kwa dakika tano, fotokopi, kulaminisha. Ni kweli napiga kwa simu, na nyuma ya mteja ni shuka letu la bluu. Lakini waliolalamika ni wachache.

Nikasimama. Nikasema simu ni ya kupigia salamu. Ndoa inataka kamera kubwa, zile wanazoziita DSLR, za kubadilisha lenzi. Nikasema ninayo.

Sina. Ila siku sita ni nyingi.

Jumatatu, 8 Julai

Asubuhi nimeingia duka la kamera la mzee Hasham, jirani na meza yangu. Lilianzishwa na babu yake. Siku hizi mzee anasoma gazeti, na kazi yote inafanywa na binti yake, Zahabia, ambaye anafungua kamera kwa bisibisi nyembamba kama njiti. Nikamwamkia mzee shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua kichwa.

Nikamwambia Zahabia kwamba rafiki yangu anaanza kupiga picha, anataka kamera. Akauliza rafiki atapiga nini. Harusi. Wapi? Ndani ya kanisa. Lini? Jumamosi. Aliniangalia kitambo.

Akaweka mezani kamera nyeusi, ndogo, iliyotumika. Akasema anayeanza hahitaji bodi ya kifahari, yaani kamera yenyewe bila lenzi. Ashike ile inayomkaa mkononi na yenye vitufe anavyovielewa. Nikauliza megapikseli. Akasema zinatosha kuchapa picha ya ukutani, zaidi ya hapo ni majivuno. Fedha yake aiweke kwenye lenzi.

Akatoa lenzi mbili. Ya kwanza fupi, inaonyesha chumba kizima na kuvuta karibu kidogo vilivyo mbali. Ya pili fupi zaidi, haivuti kabisa, ila inapokea mwanga mwingi, kwa hiyo inafaa ndani penye kiza. Kwa hizo mbili, alisema, mtu anajifunza mwaka mzima bila kuchoka.

Mimi niliona vikombe viwili vya kahawa.

Halafu nikaiona. Rafu ya juu. Lenzi ndefu kama chupa ya chai, nene, kioo cha mbele kikubwa kama sahani ya kikombe. Nikauliza. Akasema ile ni ya mambo ya mbali: ndege, mpira wa miguu, mamba akiwa ng'ambo. Inataka jua kali. Ukiwa karibu na mtu haioni kitu. Tena ni ya zamani, inategemea mota iliyo ndani ya bodi, na bodi hii ndogo haina mota. Kila picha utazungusha lenzi kwa mkono mpaka ukungu uishe, picha iwe kali.

"Rafiki yako asiichukue," alisema.

Nikaelewa papo hapo. Zahabia naye hupiga harusi. Hataki mpinzani mwenye lenzi kubwa mjini hapa.

Jumanne, 9 Julai

Nimenunua lenzi kubwa.

Kibubu kilitosha bodi na lenzi moja ndogo. Nikasema lenzi ndogo ibaki dukani, nikaongeza mashine yangu ya kulaminishia. Zahabia alijaribu kunizuia mara tatu. Mara ya tatu alimwita baba yake. Mzee Hasham alishusha gazeti, akaniangalia, akaiangalia lenzi, akasema, "Mpe karatasi."

Karatasi ilikuwa hii: Mimi Yeremia nimeelezwa kwamba lenzi hii haifai ndani ya nyumba wala ndani ya kanisa, nimeelewa, na ninaichukua kwa hiari yangu. Nikatia sahihi kubwa. Ilikuwa sahihi yangu ya kwanza kama mpiga picha.

Nikarudi mezani nimeivaa shingoni. Wauza matunda walinipisha njia. Mmoja aliniuliza kama nimetoka televisheni. Hilo vikombe vya kahawa visingelileta.

Jumatano, 10 Julai

Majaribio nyumbani. Mke wangu Hellen alikubali kukaa kwenye kochi, akavaa na kitenge kipya.

Nikachungulia. Nikaona jicho. Jicho la Hellen peke yake, tena la ukungu. Nikazungusha lenzi mpaka mwisho wake, ukungu ukabaki. Nikarudi nyuma hatua mbili, picha ikawa kali. Nikaona paji la uso. Nikarudi nyuma mpaka ukutani. Pua na midomo. Nikatoka mlangoni, bado nachungulia. Uso wote ukaingia, ila ndani kulikuwa na kiza na picha ikatoka imejaa chenga. Nikamwambia asogee karibu na mlango, mimi nikavuka uwanja, nikapita kamba ya nguo ya jirani, nikapanda kwenye jiwe lile tunaloanikia dagaa.

Kutoka pale alipendeza. Nywele moja moja zilionekana. Nikamwashiria atabasamu. Akaingia ndani.

Nilipomfuata alikuwa anamenya viazi. Akasema, "Baba Queen, Jumamosi utapandia jiwe gani?"

Nikamweleza kwamba kanisa ni kubwa kuliko sebule yetu. Akasema hilo ni kweli. Sikupenda alivyolisema.

Alhamisi, 11 Julai

Nimefunga meza mapema nikaenda ufukweni, upande wa Ilemela. Saa kumi, jua zuri. Korongo alikuwa amesimama juu ya mtumbwi uliopinduliwa. Nilizungusha lenzi taratibu. Zahabia alinionyesha kwamba picha ikiwa kali, kitone cha kijani kinawaka ndani ya kitundu cha kuchungulia. Kikawaka. Nikabonyeza. Nikahesabu vinyoya vya shingo ya korongo, na kila kimoja kilikuwa mahali pake.

Nilifurahi sana. Nikaanza kuizungusha lenzi huku na huku nikitafuta kingine. Watu wanaooga. Kivuko. Kibanda cha soda.

Kwenye kibanda cha soda, Odeta.

Alikuwa amekaa na Zahabia. Ameshika kamera nyeusi, ndogo, yenye lenzi mojawapo ya vile vikombe. Zahabia alikuwa anamsogeza viwiko viguse mbavu ili kamera isitikisike. Odeta akapiga picha ya chupa ya soda. Wakaitazama pamoja, wakacheka.

Kwa hiyo ni njama. Wanataka kuniingilia kazi Jumamosi. Bila lenzi hii nisingejua. Kumbe ina faida hata kabla ya harusi.

Ijumaa, 12 Julai

Nimewawahi.

Nimekwenda kwa katekista Masele, ambaye ndiye anayepanga mambo yote ya misa pale kanisani. Ni mtu wa taratibu. Viti vyake vina namba. Nikamwambia kwa huzuni kwamba siku hizi wapiga picha wanavuruga ibada: wanazungukazunguka, wanaziba njia, wengine wanampita padri. Nikashauri wawe na mpiga picha mmoja tu aliyeteuliwa na ukoo, asimame mbele, wengine wote wakae vitini.

Masele alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Akasema miaka yote amesubiri mpiga picha anayesema hivyo. Akachukua chaki, akanipeleka mbele ya altare, akachora alama sakafuni.

"Utasimama hapa," alisema. "Bibi harusi pale, bwana harusi pale. Hutasogea mpaka viapo na pete viishe. Mguu mmoja ukitoka kwenye chaki, nakutoa nje."

Kutoka kwenye chaki mpaka kwa maharusi ni hatua mbili. Mahali pa heshima kuliko pote. Odeta atakaa kiti cha tano na wajomba.

Nimelala mchana kwa saa moja ili niamke na nguvu. Sina wasiwasi hata kidogo.

Jumamosi, 13 Julai

Naandika nikiwa nimeegemea ubavu wa kulia. Wa kushoto una maumivu.

Misa ilianza saa nne. Nilisimama kwenye chaki nimevaa suti ya kijivu. Minong'ono ilipita vitini watu walipoiona lenzi. Nilimtazama Odeta, naye akanipungia mkono. Kamera ndogo ilikuwa mapajani mwake.

Mama mdogo akaingia. Gauni la rangi ya maziwa, kilemba, ameushika mkono wa mwanawe wa kwanza. Baba mdogo Mihayo alikuwa anamsubiri mbele. Ni fundi wa matrekta, mtu wa maneno machache, na tai ilimkaba. Walipofika mahali pao nikainua kamera.

Ukungu.

Nikazungusha. Ukungu wa rangi ya maziwa. Nikazungusha upande wa pili. Ukungu wa suti. Nilikuwa karibu mno, kama sebuleni, na sikuweza kurudi nyuma hata unyayo mmoja. Masele alikuwa amesimama pembeni, macho yake yako kwenye viatu vyangu.

Padri akaanza kuwauliza. Nikajipinda kiuno nyuma kadiri mgongo ulivyokubali, bila kuinua miguu, na hapo nikapata kitu kikali cha kwanza: hereni. Nikapiga hereni. Nikapata sikio la baba mdogo. Nikapiga sikio. Pete ilipovishwa nikaona wingu lenye mng'aro wa dhahabu, nikalipiga mara kumi na mbili kwa matumaini.

Jasho liliingia machoni. Nilimsikia mama mdogo akiapa. Sauti yake ilikuwa thabiti mpaka lilipofika neno "mume wangu", hapo ikakatika, na kanisa zima likamsubiri. Miaka thelathini na moja alikuwa akisema "baba watoto". Mimi nilikuwa hatua mbili kutoka pale, ninatazama hereni.

Sijui kama nimewahi kuona aibu kama ile. Ilidumu kama dakika moja.

Viapo vikaisha, nikawa huru. Nikaanza kurudi nyuma huku nachungulia, ili niwapate wote wawili. Kiti cha kwanza, cha tatu. Bado vichwa nusu. Nikagonga kinanda cha kwaya, kikatoa sauti. Nikaomba radhi, nikaendelea mpaka mlangoni. Kutoka mlangoni waliingia wote, lakini kwa kiza kile picha zilitoka kama zimemwagiwa mchanga. Nikasema basi, nitawangoja nje kwenye jua, wakitoka tu nawakamata.

Nyuma ya kanisa kuna mawe makubwa, yamepandana. Nikachagua la juu kuliko yote, nikavua viatu, nikapanda. Juu pale upepo wa ziwa ulikuwa mzuri. Nikakaa sawa, nikageuka kutazama mlango mkubwa.

Mlango mkubwa ulikuwa upande wa pili. Niliouona ni ukuta wa nyuma na mlango mdogo wa sakristia, chumba anamovalia padri.

Nikasikia vigelegele vinaanza mbele. Nikajua nimepoteza harusi. Nikafikiria nitamwambia nini mama mdogo kuhusu ukuta wake.

Mlango wa sakristia ukafunguka. Wakatoka wao wawili peke yao. Walikuwa wametia sahihi kitabu na walitaka kupumua kidogo kabla ya kuzungukia mbele kwa watu. Walijua hawaonekani. Baba mdogo akaangalia kushoto na kulia. Akatoa leso mfukoni, akaikunjua, akamfuta mama mdogo machozi, shavu moja halafu la pili, polepole, kwa kidole kile kinachoshika spana. Mama mdogo akainua mkono akamlegezea tai. Kisha akacheka, na yeye akacheka. Sikuwahi kuyaona meno ya baba mdogo.

Nilisahau kwamba ninapiga picha. Vidole vilizungusha vyenyewe. Kitone cha kijani kikawaka, nikabonyeza.

Nilipotaka kupiga ya pili soksi ziliteleza. Lenzi niliikumbatia, mbavu zikapokea jiwe.

Jumapili, 14 Julai

Tumekutana kwa mama mdogo kutazama picha. Hellen alikuja nami ili, kwa maneno yake, nisiseme peke yangu.

Za Odeta zilitazamwa kwanza. Alikuwa na zote. Kuingia, viapo, pete, wajomba wakilia, Masele akitabasamu. Sura zote mbili, kali, hakuna chenga. Kiti cha tano kumbe ndio umbali ule lenzi yake inaoutaka. Watu walishangilia. Mama mdogo alimkumbatia.

Nikamuuliza Odeta, mbele ya wote, ni lini aliingia kwenye njama na Zahabia. Alishangaa kidogo, kisha akajibu kwa upole.

"Kaka Yeremia, nilikwenda kumuuliza ni zawadi gani ya kamera itakufaa. Akanionyesha karatasi uliyoitia sahihi. Nikaona heri niazime ile ndogo nikae nayo, ikitokea umekwama nikupe. Masele ndiye aliyenikataza kusogea."

Hellen alitazama dari.

Ikawa zamu yangu. Hereni. Sikio. Wingu la dhahabu mara kumi na mbili. Mjomba mmoja aliuliza kama kamera iliingia maji. Nikataka kuzima. Mama mdogo akasema hapana, tumalizie.

Ikaja ile ya nyuma ya kanisa.

Mama mdogo aliivuta kamera mpaka karibu na uso. Kisha akamwita mumewe, akampa miwani.

Baba mdogo akatazama. "Huyu ni mimi?" aliuliza.

"Ni wewe," alisema mama mdogo. "Na huyu ni mimi. Hii ndiyo ya ukutani. Hizi zingine wagawieni ndugu."

Akanishika kichwa kwa mikono miwili kama nilipokuwa mtoto, akaniambia asante mwanangu. Odeta naye alisema ni picha nzuri kuliko zote, na alisema kwa moyo. Macho yangu yaliwasha. Nilisingizia mbavu.

Njiani Hellen alisema, "Umebahatika sana, Baba Queen." Nikamwambia bahati haipandi jiwe bila viatu.

Jumanne, 16 Julai

Nimepiga hesabu kwa utulivu. Lenzi fupi ya Odeta: picha mia mbili, hakuna hata moja iliyopata ukuta. Lenzi ndefu: picha moja ya watu wawili, imepata ukuta. Jambo liko wazi kabisa.

Asubuhi nilimpelekea Zahabia picha aichape kwa ukubwa. Aliitazama, akamwita mzee Hasham, mzee akaacha gazeti. Zahabia akasema nina jicho, kweli ninalo. Akasema atanipendelea: nirudishe lenzi ndefu, anipe zile mbili ndogo na mashine yangu ya kulaminishia, nijifunze taratibu kwa mwaka mmoja, nije kuichukua ndefu wakati nimeshajua kazi. Alizungumza vizuri, kama ndugu.

Nilimshukuru. Nikamuuliza kama anayo iliyo ndefu zaidi.

Anayo. Imo ndani ya sanduku lake, ina mkanda wa begani na mguu wake wa kusimamia. Nimeiazima, nikaacha mashine ya fotokopi kama dhamana mpaka Ijumaa.

Kazi nayo imekuja yenyewe. Katekista Masele amepata mjukuu wa kike, ana siku tisa. Mtoto hatoki nje bado, wanataka apigwe picha kitandani na mama yake. Nimekwenda kupima chumba. Ni hatua nne, na kabati limekula moja.

Nimepanga vizuri. Nitasimama juu ya paa la mashine ya kusaga, ng'ambo ya barabara. Wao nimewaambia wafungue dirisha na wamwinue mtoto kidogo.